Kuwasoma Walawi: uanze na Hesabu, Kumbukumbu la Torati au Mambo ya Nyakati?

Anayetaka kuwajua Walawi, kabila la Israeli lililotengwa kwa kazi za ibada, hufungua kitabu cha Mambo ya Walawi, na hapo ndipo anapopotea. Sura 27 nzima, na Walawi wenyewe wanatajwa mahali pamoja tu, sura ya 25, tena kwa habari ya nyumba na malisho ya miji yao. Kitabu kile ni cha makuhani: sadaka, damu, unajisi, sikukuu. Ukikimaliza utajua mafuta ya kondoo yalichomwaje madhabahuni, lakini hutajua Mlawi wa kawaida aliamka asubuhi kwenda kufanya nini.

Habari zao ziko kwingine, na zimetawanyika. Sehemu kubwa imebebwa na Hesabu, Kumbukumbu la Torati na vile viwili vya Mambo ya Nyakati, ambavyo hapa navihesabu kuwa kimoja. Kila kimoja kina Mlawi wake. Wa Hesabu ana mti wa kubebea begani na zamu ya ulinzi. Wa Kumbukumbu hana shamba, anakaa mjini kwenu, na kazi yake ni kukufundisha sheria. Wa Nyakati ana kinubi, funguo na orodha ya zamu. Kiongozi wa kikundi cha Biblia, mwalimu wa kwaya au mhubiri mwenye Jumapili nne mkononi hawezi kuwafundisha wote watatu wakaeleweka. Itabidi achague pa kuanzia.

Vigezo

Vyote vitatu nimeviuliza maswali yaleyale. Kazi: Mlawi anaonekana akifanya nini hasa? Mpaka: anatenganishwaje na kuhani, yaani mzao wa Haruni, naye pia wa kabila la Lawi? Ubishi mwingi huanzia hapa. Riziki: kabila lisilogawiwa nchi lilikula nini? Kisha mahali utakapokwama, maana kila kimoja kina kona yake ya kumkatisha tamaa msomaji, na mwisho kinamfaa nani.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Ukivisoma kama taarifa moja ya siku moja, vitapingana. Wanazuoni wengi huihusisha Kumbukumbu la Torati na matengenezo ya Mfalme Yosia, karne ya 7 K.K., na Mambo ya Nyakati huyaweka baada ya uhamisho wa Babeli, enzi ya Uajemi. Si lazima ukubaliane nao ndipo ufaidike. Shika tu kwamba kila kitabu kinazungumzia ibada ya mazingira yake: hema inayohamahama, mahali pamoja patakapochaguliwa, na hekalu la Yerusalemu.

Hesabu

*Kazi.* Ulinzi na ubebaji. Sura ya 1 wanaume wa Israeli wanahesabiwa kwa ajili ya vita, Walawi wanaachwa kando. Wao wapige hema zao kuizunguka maskani, ile hema ya ibada, ghadhabu isije ikawashukia watu. Sura ya 3 inazipanga koo zao tatu: Wagershoni magharibi, Wakohathi kusini, Wamerari kaskazini, na mashariki, mbele ya mlango, Musa na Haruni na wanawe. Chora mpango huo ubaoni na umeshafundisha nusu ya somo.

Sura ya 4 ndiyo ninayoipenda. Kambi inapong'oka, Haruni na wanawe huingia kwanza. Wanalishusha pazia la sitara na kulifunikia Sanduku la ushuhuda, juu yake wanaweka ngozi, juu ya ngozi nguo ya samawi tupu, kisha wanatia miti yake. Meza, kinara cha taa na madhabahu ya dhahabu navyo vinafungwa kimoja kimoja. Vyote vikishafunikwa ndipo Wakohathi wanaitwa kuja kubeba. Wakigusa wanakufa. Wakichungulia vitu vitakatifu hata kidogo wanakufa. Kwa hiyo Mkohathi angeweza kulibeba Sanduku miaka yote ya utumishi wake asijue linafananaje. Sijaona picha iliyo wazi kuliko hiyo ya utumishi wa Mlawi katika kitabu hiki.

Wagershoni walibeba mapazia, vifuniko na kamba. Wamerari walibeba mbao, nguzo na vitako. Sura ya 7 wakuu wa Israeli wanaleta magari 6 na ng'ombe 12: Wagershoni wanapewa magari 2 na ng'ombe 4, Wamerari magari 4 na ng'ombe 8, na Wakohathi hawapewi kitu, kwa kuwa mzigo wao ni wa mabegani. Kumbuka hilo tutakapofika kwa Daudi.

*Mpaka.* Mkali kuliko kwingine kote. Walawi wamepewa Haruni wamsaidie, wala si kushika nafasi yake. Kora, ambaye ni Mkohathi, analikataa hilo katika sura ya 16. Musa anamuuliza kama anaona ni jambo dogo kusogezwa karibu na kazi ya maskani, hata atake na ukuhani pia. Wanaume 250 waliosimama na vyetezo vya uvumba wakateketea kwa moto.

*Riziki.* Sura ya 18: zaka ya Israeli ni ya Walawi, badala ya urithi wa nchi. Nao watoe sehemu ya kumi ya hiyo zaka, wampe Haruni kuhani. Wanaofundisha utoaji husimama sana kwenye ile zaka ya kwanza, hii ya pili ikapitwa haraka, ilhali ni sura ileile na inawadai wapokeaji wenyewe. Sura ya 35 inaongeza miji 48 yenye malisho, 6 kati yake ikiwa ya makimbilio kwa aliyeua bila kukusudia.

*Utakapokwama.* Tarakimu. Wagershoni 7,500, Wakohathi 8,600, Wamerari 6,200: jumla ni 22,300, lakini maandiko yanasema 22,000. Wengi huona ni kosa la kunakili katika hesabu ya Wakohathi. Jumla hiyo ina uzito, kwa sababu Walawi walihesabiwa badala ya wazaliwa wa kwanza 22,273, na wale 273 waliozidi wakakombolewa kwa shekeli 5 kila mmoja, yaani shekeli 1,365. Halafu umri: sura ya 4 inasema miaka 30 hadi 50, sura ya 8 inaanza na 25. Walimu wa Kiyahudi wa kale walieleza kwamba mitano ya katikati ni ya mafunzo. Katika kikundi, tenga dakika tano kwa haya. Ukiyafungulia mlango yatakula jioni nzima.

*Kinamfaa* anayetaka kufundisha nidhamu ya zamu, mgawanyo wa kazi na utakatifu wa mahali pa ibada. Watoto nao hukipenda kwa sababu kinachoreka. Mwimbaji atakayetafuta wimbo wa Walawi humu atatoka mikono mitupu. Hata tarumbeta za fedha za sura ya 10 zilipigwa na makuhani.

Kumbukumbu la Torati

*Kazi.* Sura ya 10 inazitaja tatu: kuchukua Sanduku, kusimama mbele za Bwana kumtumikia, na kubariki kwa jina lake. Lakini ukifuatilia kitabu chote unamkuta Mlawi akiwa na watu zaidi kuliko akiwa na vyombo. Sura ya 17 kesi iliyoshindikana mjini inapelekwa kwa makuhani Walawi na mwamuzi. Sura ya 27 Walawi wanazitamka laana kwa sauti kuu, na baada ya kila moja watu wote wanaitikia Amina. Sura ya 31 wanakabidhiwa torati iliyoandikwa, isomwe kila mwaka wa saba kwenye sikukuu ya Vibanda mbele ya wanaume, wanawake, watoto na wageni. Kwa kifupi, ni mwalimu.

*Mpaka.* Utautafuta usiuone vizuri. Kitabu husema tu "makuhani Walawi" na kuendelea. Katika baraka ya Musa, sura ya 33, kabila la Lawi zima linapewa Urimu na Thumimu (vya kuulizia mapenzi ya Mungu), kufundisha, na kuweka uvumba. Ni uvumba uleule uliowaunguza watu 250 kule Hesabu. Mhubiri anayezirusha aya hizi mbili katika hotuba moja bila maelezo ajiandae kwa swali kutoka viti vya nyuma.

Sura ya 18 inakwenda mbali zaidi: Mlawi wa mji wowote akitamani kuja mahali Bwana atakapochagua, atumike kama ndugu zake na ale sehemu sawa nao. Kwenye karatasi. Yosia alipozivunja madhabahu za mikoani, 2 Wafalme 23:9 inasema makuhani wa mahali pa juu hawakupanda madhabahuni Yerusalemu, ila walikula mikate isiyotiwa chachu kati ya ndugu zao. Chakula walipata, madhabahu hawakuikaribia. Mtu aliyewahi kuhamishiwa makao makuu akapewa meza na asipewe kazi atawaelewa.

*Riziki.* Hapa ndipo kitabu hiki kina utajiri wake. Mlawi anaorodheshwa pamoja na mgeni, yatima na mjane, "aliye ndani ya malango yako", na mwenye nyumba anaonywa mara kwa mara asimwache. Kuna sababu: sura ya 12 ikishafunga madhabahu zote isipokuwa moja, Mlawi wa mkoani anabaki hana kazi na hana shamba la kurudia.

Nayo zaka ya sura ya 14 itamshtua msomaji aliyezoea bahasha. Mwenye mavuno anaipeleka mahali palipochaguliwa na kuila pamoja na jamaa yake. Kukiwa mbali, anaibadili kuwa fedha, akifika ananunua ng'ombe, kondoo, mvinyo, chochote roho yake itakachotamani, wanasherehekea, na Mlawi hasahauliki. Kila mwaka wa tatu zaka inabaki mjini, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mapokeo ya Kiyahudi yalizipatanisha sheria hizi na zile za Hesabu kwa kusema ni zaka tofauti: ya kwanza ya Walawi, ya pili ya kuliwa na mwenyewe, na ya maskini.

*Utakapokwama.* Hakuna sura moja ya kukaa nayo. Vipande vimetapakaa katika sura za 10, 12, 14, 17, 18, 26, 27, 31 na 33, na usipovikusanya mwenyewe mapema, somo litakuwa la kufunuafunua kurasa.

*Kinamfaa* kamati ya huduma kwa wahitaji, walimu wa Neno, na mtu anayejiuliza jamii inamtunzaje mtumishi asiye na mali. Anayetaka taratibu za hekaluni atachoka nacho mapema.

Mambo ya Nyakati

*Kazi.* Nyingi mno, na ndiyo sababu timu nyingi za sifa na ibada huku kwetu hujiita Walawi. Anza na Sanduku. Sura ya 13 ya kitabu cha kwanza Daudi analipakia kwenye gari jipya, ng'ombe wanakunguwaa, Uza ananyoosha mkono kulishika, anakufa. Sura ya 15 anarudia safari, mara hii kwa miti mabegani mwa Walawi, na anasema wazi kwamba kosa la kwanza lilikuwa kutofuata agizo. Yale magari ambayo Wakohathi hawakupewa yamerudi kudai. Safari hiyohiyo wanateuliwa Hemani, Asafu na Ethani wenye matoazi ya shaba, wengine na vinanda na vinubi, na Kenania anausimamia wimbo kwa kuwa alikuwa stadi.

Sura ya 23 inahesabu Walawi 38,000 wa miaka 30 na zaidi: 24,000 wa kusimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 maakida na waamuzi, 4,000 mabawabu, 4,000 wa kumsifu Bwana kwa vinanda. (Jumla ya safari hii inatimia.) Tazama uwiano: waimbaji ni zaidi kidogo ya mmoja katika kila kumi. Waliobaki wako uani na vyumbani, wanasafisha vyombo, wanashughulikia mikate ya wonyesho na unga mwembamba, wanahakiki vipimo, wanalinda hazina. Sura ya 9 ina mabawabu wanaolala kuizunguka nyumba ya Mungu kwa sababu wao ndio wa kuifungua kila asubuhi. Seremala au mtunza stoo wa kanisa ana haki ya kulidai jina hili sawa na mshika kipaza sauti.

Kuhusu waimbaji wenyewe, sura ya 25 inastahili kusomwa polepole. Mastadi 288, zamu 24 za watu 12 kila moja, na zamu zinapangwa kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Hemani anatajwa kuwa na wana 14 na binti 3, wakiwa chini ya mkono wa baba yao kwa kuimba. Iwapo mabinti nao waliimba hekaluni, wafasiri hawajaafikiana.

Na huyu Hemani ni nani? Fuata ukoo wake katika sura ya 6 utafika kwa Kora. Hesabu 26 ilikuwa imedokeza kwamba wana wa Kora hawakufa. Kizazi cha mwasi kimeishia kwenye kinubi, na jamaa zao wengine kwenye malango. Zaburi ya 84, inayoona heri kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu, ni mojawapo ya zaburi za wana wa Kora.

*Mpaka.* Upo, ila umelegea pembeni. Mfalme Uzia anaingia kufukiza uvumba na kutoka na ukoma (2 Nyakati 26), kwa hiyo uvumba bado ni wa wana wa Haruni peke yao. Lakini chini ya Mfalme Hezekia, sura ya 29, makuhani ni wachache mno kuchuna sadaka zote, Walawi wanaingia kuwasaidia, na mwandishi hafichi kwamba Walawi walikuwa na moyo mnyofu zaidi katika kujitakasa kuliko makuhani.

*Riziki.* Sura ya 31: Hezekia anaagiza watu watoe, na malundo yanapanda kuanzia mwezi wa tatu hadi wa saba, hata vyumba vya ghala vinatengenezwa. Upande wa pili wa habari hiyo uko jirani, Nehemia 13: sehemu zao hazikutolewa, Walawi na waimbaji wakakimbia kila mtu shambani kwake.

*Utakapokwama.* Majina. Sura tisa za mwanzo zimewashinda wasomaji wengi kuliko kitabu cha Hesabu chote. Ruka: anza na 13, kisha 15 na 16, 23 hadi 26, halafu kitabu cha pili 29 hadi 31. Ukienda kwa mpango huo utakutana na majina bado, ila utakuwa unajua wenye majina wanafanya nini. Umri nao unashuka hapa hadi miaka 20, kwa maelezo kwamba maskani haibebwi tena.

*Kinamfaa* mwalimu wa kwaya, mpiga ala, na pia mhasibu na mlinzi. Anayetafuta Mlawi fukara wa mtaani hatamkuta, huyu ameajiriwa.

Kwa hali yako

Semina ya kwaya ya siku moja: 1 Nyakati 15 na 25, kisha Zaburi ya 84. Kama kuna mvutano wa nani aongoze, ile kura ya sura ya 25 itazungumza yenyewe. Hesabu 16 ni nzito mno kwa kazi hiyo, na huwa inageuzwa fimbo ya kuwachapa wanaouliza maswali.

Somo la zaka: usitumie kitabu kimoja. Weka Hesabu 18, Kumbukumbu 14 na Nehemia 13 mezani pamoja, ndipo uende Malaki 3. Utapata maswali mengi kuliko ukianza na Malaki, nayo ni maswali halali.

Shule ya Jumapili: Hesabu 2 hadi 4, ubao na chaki za rangi.

Kamati inayoshughulikia wajane, wageni au wastaafu wa utumishi: Kumbukumbu 14 na 26.

Mwanafunzi wa theolojia anayeandika juu ya kuhani na Mlawi: anza na Kumbukumbu 18, nenda 2 Wafalme 23, kisha Ezekieli 44, ambako Walawi waliofuata vinyago wanashushwa kuwa walinzi wa malango na wachinjaji, na wana wa Sadoki, ukoo mmoja wa makuhani, wanabakizwa madhabahuni. Hesabu 16 hadi 18 isome baada ya hizo. Utaona mengi ambayo ungeyapita.

Msomaji mwenye jioni moja tu: 2 Nyakati 29 peke yake. Hekalu linasafishwa kwa siku 16, sadaka ya kuteketezwa inaanza na wimbo unaanza papo hapo, ng'ombe 70, kondoo dume 100 na wana-kondoo 200 wanaletwa, mikono ya makuhani inapungua, na Walawi wanashika visu.

Na anayetaka kujua walifikia wapi baada ya Babeli aende Ezra 2. Wanarudi makuhani 4,289. Walawi ni 74, waimbaji 128, mabawabu 139. Sura ya 8 Ezra anakagua watu wake kando ya mto Ahava na hamkuti Mlawi hata mmoja, mpaka atume wajumbe, wakapatikana 38. Isome sambamba na Kumbukumbu 12, kisha ukiulize kikundi chako kwa nini hawakuwa na haraka ya kurudi.